Historia kwa Ndoo, Mvinyo kwa Kidole

Kwetu mgeni akipiga hodi hupewa maji kwanza, habari huulizwa akishatulia. Huko La Rioja, Hispania, mambo yamegeuzwa: unalipa kiingilio, unapewa habari zote tangu enzi za babu wa babu yao, na kinywaji kinakuja mwishoni kabisa, ukiwa umeshakata tamaa.

Aliyenipeleka ni shemeji yangu anayeishi Bilbao. Tulikwenda mji wa Haro, mtaa wa stesheni, ambako viwanda vikongwe vya mvinyo vimejipanga kando ya reli. Jina la kile tulichoingia nalihifadhi. Wao wana wanasheria, mimi sina.

Dada mwongozaji akaanza na mdudu. Anaitwa filoksera, ni mdogo kuliko punje ya mchele, na hufyonza mizizi ya mzabibu mpaka unakufa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 aliyafyeka mashamba ya Ufaransa, wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima kutafuta mvinyo kwa wenzao. Haro iliwafaa kwa sababu garimoshi lilifika tangu 1863: jenga kiwanda mlangoni pa stesheni, pipa litoke ghalani lipande behewa. Kiwanda cha López de Heredia kikaanza mwaka 1877, cha CVNE kikafuata 1879. Baadaye mdudu naye akavuka milima, ikabidi mizabibu ya huko ipandikizwe juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili. Hadithi nzuri, sikatai. Lakini nilikuwa nimesimama juani, koo limekauka, nasimuliwa kiu ya Wafaransa.

Tukateremshwa chini ya ardhi. Mimi na shati la mikono mifupi, ghala na baridi yake ya nyuzi 12 hivi. Mapipa ya mwaloni, lita 225 kila moja, yamepangwa mpaka gizani. Ukutani ukungu mweusi, juu ya chupa utando wa buibui. Tukakatazwa kuugusa: buibui, tuliambiwa, anakula nondo wanaotoboa vizibo. Kumbe ni mwajiriwa yule, na ndiye pekee mle ndani aliyekuwa na hakika ya mlo wake.

Nilichangamka kidogo lilipokuja suala la mayai. Ute wake hupigwa ukatiwa kwenye mvinyo, unashuka taratibu ukibeba machicha, mvinyo unabaki mwangavu. Nikauliza: na viini? Dada akasema kule kusini, Jerez, inasimuliwa kwamba viini walipewa masista, wakavipikia kitamutamu kiitwacho tocino de cielo. Nikatazama huku na huku. Masista hawakuwapo.

Kisha likaja darasa la kusubiri. Mvinyo wa daraja la crianza hukaa miaka 2 kabla ya kuuzwa, reserva 3, gran reserva 5, sehemu ya muda huo ikiwa ndani ya pipa na sehemu ndani ya chupa. Mimi ni mtoto wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nikapiga hesabu: gran reserva moja ni mavuno 10 ya nyumbani. Kwa mwendo wa ziara ile nilihisi tunaisubiri ikomae papo hapo.

Hatimaye chumba cha kuonja. Glasi kubwa, unaweza kufugia samaki; mvinyo wenyewe kidole kimoja, tena kidole cha mtoto. Zungusha. Nusa. Unasikia nini? Mzee mmoja wa Kijerumani akasikia ngozi na tumbaku. Shemeji, msaliti, akasikia vanila. Mimi nikasikia zabibu, jambo lililoonekana kumhuzunisha dada wa watu. Akatuonyesha ndoo ya kutemea. Kutema! Niliikumbatia glasi yangu kama risiti ya mahakamani.

Tukiwa njiani kurudi ndipo shemeji akaniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba kila tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Petro, watu wa Haro hupanda mlimani wamevaa nguo nyeupe na kumwagiana mvinyo mwekundu: kwa ndoo, kwa chupa, kwa mabomba ya kunyunyizia dawa mashambani. Maelfu ya lita, shemeji, na hakuna anayekuuliza umesikia harufu gani.

Nimeshamwagiza aniulizie nauli ya Juni. Shati jeupe ninalo, na kinywa nitakwenda nimekiacha wazi.