Koti la Toronto

Barua pepe ya kwanza iliingia usiku wa manane, na kabla jua halijachomoza mama mkwe alikuwa ameshawapigia ndugu wa Korogwe, wa Muheza na yule wa Tanga mjini asiyepokeaga simu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kapata kazi Kanada! Uhasibu wa hoteli, Toronto, dola 6,800 kwa mwezi, nyumba bure, chakula bure, ndege juu ya mwajiri. Usaili hakuna. Wamesoma wasifu wake mtandaoni, wameridhika.

Wasifu wenyewe alikuwa ameuweka juzijuzi tu, na ulikuwa wasifu wa Kitanzania usiopungua kitu: tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, namba ya NIDA na tarakimu zake zote 20, mtaa tunaokaa hapa Tabata, na chini kabisa wadhamini watatu kwa majina, vyeo na namba za simu. Tapeli ambaye hakutosheka na hayo labda angekuja kuuliza tunakula nini.

Shemeji, nimtendee haki, hakuiamini. Aliniita jikoni akanionyesha. Jina la mtumaji lilisomeka kama idara ya uhamiaji, lakini baada ya alama ya @ ilikuwa anuani ya bure ambayo hata mwanangu wa darasa la sita anaweza kuifungua. Barua za idara ile hutoka kwenye anuani zinazoishia na gc.ca. Halafu kulikuwa na wakili, anayetaka dola 350 za "faili la viza" kabla ya saa kumi jioni. Ada ya kibali cha kazi Kanada ni dola 155 za huko, alama za vidole dola 85, na zote unailipa serikali yenyewe.

"Nani atamwambia mama?" akauliza.

Hakuna aliyejitokeza. Mama mkwe alikuwa amerudi kutoka mitumba ya Karume na koti zito, jeusi, la manyoya shingoni, akamvalisha mwanawe sebuleni mchana ule wa Februari na kumgeuza huku na huku. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Shangazi wa Muheza alikuwa ameshatuma mchango wake.

Mume wangu akaona dawa ni kumfanyisha mama muamala mwenyewe. Wakili wa Toronto alitaka alipwe kwa simu, kwa namba ya hapa hapa nchini. Wakaingiza namba, wakaingiza kiasi, na kabla ya namba ya siri likajitokeza jina la mwenye laini: la kike, la Kiswahili kabisa.

Mama mkwe aliliangalia muda mrefu. "Si katibu wake huyo?"

"Mama, katibu wa Toronto ana laini ya Bongo?"

"Kwani watu hawasafiri?"

Hela haikutumwa, ila shemeji alinuniwa siku kadhaa kana kwamba yeye ndiye aliyeifunga hoteli. Barua nazo zikazidi. Moja ilimtaka awe wakala wa malipo: fedha ziingie kwenye akaunti yake, abaki na asilimia 10, zilizosalia azisukume mbele. Hiyo ilimuudhi kuliko zote, maana mhasibu anajua kwamba huo ni utakatishaji wa fedha, una sheria yake tangu 2006, na polisi wakija wanaanza na mwenye akaunti. Nyingine ilimwita Thailand, kwenye huduma kwa wateja. Hiyo hatukuicheka. Wapo Wakenya na Waganda waliofuata matangazo ya namna hiyo wakavushwa hadi Myanmar, wakafungiwa, wakalazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Kilichotuuma kilitokea Korogwe. Mdhamini wa kwanza, mwalimu wake wa sekondari, sasa mstaafu, alipigiwa simu na kijana mpole aliyelijua jina kamili la shemeji, chuo alichosoma na mwaka aliomaliza. Akaambiwa mwanafunzi wake amezuiwa uwanja wa ndege, na anaona aibu kuwaambia nyumbani. Mwalimu akatuma shilingi 80,000. Aibu ile ndiyo iliyomfanya aamini. Alimjua kijana wake.

Shemeji alipanda basi kwenda kumwomba radhi na kumrudishia. Alipotoka huko aliufuta ule wasifu, akaandika mwingine usio na NIDA wala mtaa, wenye anuani ya barua pepe ya kazi tu, na wadhamini "watatajwa wakihitajika". Namba za matapeli tulizituma TCRA kwa 15040, walikozoea kupokea malalamiko ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Koti liliuzwa kwa hasara.

Kazi ilipatikana mwezi wa tano, kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi Gongo la Mboto. Usaili alifanya, vyeti vikakaguliwa, akatoa majina ya wadhamini. Meneja akapiga Korogwe kuulizia tabia ya kijana.

"Simjui mtu huyo," akasema Mwalimu, "na wewe pia namba yako naipeleka polisi." Akakata.

Meneja alipiga tena. Safari hii simu ilipokewa na mke wa Mwalimu, akamwambia kama kweli ana shida ya maana aandike barua, aigonge muhuri, aipitishe kwa mwenyekiti wa kitongoji.