Barua ya Wazi kwa Wapokezi na Wagawaji wa Viti Mwendo Vilivyotumika

Waheshimiwa wapokezi na wagawaji wa misaada, Mkoa wa Mara,

Nakushukuruni kwa hidaya ya viti mwendo vilivyokwisha kutumika ng'ambo, mlivyotukabidhi pale Musoma chini ya turubai, mbele ya mgeni rasmi na wapiga picha, katika hafla ambayo hotuba zake zilidumu kuliko breki za viti vyenyewe.

Kiti kilichoniangukia mimi, mkazi wa Bunda, ni cha fahari mno, na laiti ningejaliwa nyonga nene zaidi ningekienea. Maana upana wake ni inchi 18, na kwa kuwa mimi ni mtu wa inchi 14, kila kinapopinda kona mwili wangu huchelewa kupata habari. Magurudumu yake madogo ya mbele, yaliyokusudiwa sakafu ya hospitali, yakikutana na mchanga wetu husujudu. Mpira ulipopasuka, fundi baiskeli wa stendi, aliyezoea tairi za inchi 28, aliutazama kwa huruma, akanishauri nimwandikie aliyekitumia kwanza. Mwenzangu wa Butiama, ambaye nyumba yake imezungukwa na mawe yasiyopitika kwa magurudumu, kuku wake hulalia kiti chake kila usiku, nacho kimewaenea barabara pasipo kupimwa.

Najua kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008, lilitaka kila mtumiaji apimwe, arekebishiwe kiti, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Na kwamba hapo Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT hufundisha mafundi wa kazi hiyohiyo. Walakini nawaelewa: utepe wa kukata hupendeza katika picha, ilhali utepe wa kupimia haupendezi. Hata kidonda kilichonitoka makalioni, kwa kuwa kiti kilikuja bila mto, nimekisitiri, nisije nikadhaniwa nakufuru neema.

Maadamu kiti hakiwezi kufuata ardhi yetu, naomba kontena lijalo lituletee na sakafu.

Nimeambatisha vipimo vyangu, alivyovichukua fundi cherehani wa mtaani bila ya ujira: nyonga inchi 14, paja 17, goti hadi kisigino 16. Anasema, mgeni rasmi naye akihitaji kupimwa, yuko tayari.

Wenu mtiifu,
Mpokeaji, Bunda