Mwongo wa Zinia

Wakati wa kupanda ndio unaoamua hatima ya maua ya bustani kuliko samadi, kuliko udongo na kuliko mapenzi ya mpandaji, ingawa mpandaji wa mjini, ambaye aghalabu hupanda siku aliyopewa mbegu au siku aliyoionea wivu bustani ya mwenzake, huwa wa mwisho kuarifiwa. Mmea husoma maji yaliyomo udongoni, joto la hewa na urefu wa usiku. Mpandaji naye husoma kadi za mialiko. Makala haya yanahusu hasara zitokanazo na tofauti hiyo ya usomaji, na mwandishi wake hakulazimika kutoka nje ya ua wake kutafuta ushahidi.

Mfano ulio bora zaidi ni zinia, ua lenye asili ya Meksiko ambalo limezoea kabisa bustani za mwambao wa Tanzania, kwa kuwa mbegu yake huota ndani ya juma moja na kuchanua yapata wiki nane baada ya kupandwa. Wiki nane na siku chache ni sawa na miezi miwili ya mwandamo, na kutokana na ukweli huo mtu mwenye akili anaweza kutunga kanuni inayopendeza sana: zinia ipandwe Shaaban mosi, mfungo upite, na asubuhi ya Idi mlango uwe umezungukwa na maua. Mwandishi aliitunga kanuni hiyo mwaka 2015, ambapo Shaaban ilianza baada ya nusu ya Mei, masika yakiwa yanaaga. Miche ilikuta udongo ulioshiba maji, ikakua katika ubaridi wa kipupwe kusi likivuma, na Idi ya katikati ya Julai ikapokewa kwa rangi ambazo wageni walizisifu kabla hata ya kuisifu biriani. Mafanikio ya namna hii ni ya hatari, kwa maana humpa mtu kanuni bila kumpa sababu yake.

Sababu yenyewe ilikuwa kipupwe, wala si Shaaban. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, na hivyo Shaaban hurudi nyuma kila mwaka, ikikihama kipupwe na kuingia masika, kisha kiangazi, huku mwandishi akiifuata nyuma na kijiko chake cha bustani, na kila mwaka akiwalaumu wauza mbegu. Wazee wa pwani hawakuwa na tatizo hili. Kwa ibada walifuata mwezi, lakini kwa kilimo na safari za majahazi walihesabu siku 365 kuanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi huiadhimisha hadi leo mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa, nao walizigawa siku hizo katika makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Lugha imewaonea kidogo, kwa kuwa neno hilo hilo humtaja pia asiyesema kweli. Hata hivyo, kati ya mwongo wa wazee na kanuni ya mwandishi, msema uongo hakuwa mwongo.

Kuhusu urefu wa usiku, elimu iliyoandikwa inaanzia kwenye tumbaku. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Marekani, Garner na Allard, walieleza kwa nini tumbaku ya aina moja ilirefuka kiangazi kizima bila kutoa ua: ilikuwa ikisubiri siku ziwe fupi. Baadaye ilibainika kwamba kinachopimwa hasa ni giza, na kwamba giza likikatizwa hata kwa mwanga wa muda mfupi, mmea wa kundi hilo huhesabu kuwa usiku haujatimia. Unguja, ambako siku ndefu na siku fupi za mwaka hutofautiana kwa takriban dakika 40 tu, binadamu hatambui mabadiliko hayo, lakini iko mimea inayoyatambua, mmojawapo ukiwa poinsetia, ambao majani yake ya juu hugeuka mekundu usiku unaporefuka. Kwa kuwa kaskazini mwa dunia usiku mrefu huja Desemba, mmea huu umepewa jina la ua la Krismasi. Kusini mwa Ikweta usiku mrefu huja Juni, na ua la Krismasi huelekea kufika karibu na Sabasaba. Mwandishi aliyapuuza yote mawili. Aliununua mche wake Oktoba, akauweka barazani chini ya taa ya ulinzi iwakayo hadi alfajiri, akausubiri Desemba, akausubiri tena Julai, na mmea huo, ambao kwa hesabu zake haujawahi kuonja usiku hata mmoja, ukabaki wa kijani kama mchicha.

Boganvilia, kwa upande wake, hutaka kiu. Ikipandwa na kurutubishwa mwanzoni mwa masika hutoa majani na miiba kwa bidii ya kutisha. Ile ya mwandishi, iliyopewa ndoo tatu za samadi ya ng'ombe, ilifika paani na kuikamata antena ya televisheni pasipo kutoa rangi, ilhali ya jirani, iliyosahauliwa ndani ya debe bovu tangu wapangaji waliotangulia, ilikuwa ikiwaka zambarau ukutani kiangazi chote. Jirani huyo hujiona hana mkono wa kupanda.

Inabaki kueleza yaliyozipata zinia za mwaka 2025. Shaaban ilianza mwishoni mwa Januari, katikati ya kaskazi na jua kali, na mwandishi, akiihurumia miche, aliimwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni, hata ikapatwa na kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina pale linapogusana na udongo uliolowa mno, ikalala yote kwa usiku mmoja. Mbegu za pili zilitiwa udongoni takriban wiki tatu baadaye. Idi ya tarehe 31 Machi ilipofika, wageni walioneshwa mashina marefu yenye majani na wakaombwa kutumia mawazo yao. Mvua za masika ziliyatia majani madoa, lakini hazikuua vitumba, na hatimaye zinia zilichanua zote kwa pamoja Mfungo Mosi ishirini na mbili, wakati sinia la halua lilikuwa limekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Siku hiyo ilikuwa tarehe 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka. Jirani wa boganvilia, aliyekuwa na wageni nyumbani, aliomba mashina machache ya kupamba meza, akakatiwa fungu zima, na akamshukuru sana mwandishi kwa kupanga maua yake kwa kuikumbuka sikukuu ya wenzake. Shukrani hizo zilipokewa kwa unyenyekevu na bila maelezo ya kitaalamu.