Mpira, Muthokoi na Jina la Mama Mkwe

Leeds, Uingereza

Kwenu nyote wa Mutomo na wa Kathonzweni,

Salamu nyingi kama mchanga wa Mto Tiva. Sisi huku hatujambo, ila mimi nilikuwa na jambo kidogo, na ndiyo sababu ya barua hii. Huko Mutomo, kaka mdogo aisome kwa sauti bila wasiwasi. Huko Kathonzweni, shemeji anayesoma ahakikishe kwanza kwamba mama mkwe ametoka nje kuangalia kuku. Nitakapomaliza nitasema lini arudi.

Mambo yalianza kwa posta. Mwaka huu nimetimiza miaka 50, na zawadi ya kwanza ilitoka serikalini. Hapa England, mtu akifika umri huo hutumiwa kifurushi kila baada ya miaka miwili, mpaka atimize 74. Ndani mna kichupa kidogo chenye kijiti. Unakichovya kijiti kwenye (mama mkwe ameshatoka?) kwenye choo chako kikubwa, unakirudisha kichupani, unafunga, unaandika tarehe, kisha unakwenda kukitumbukiza kwenye sanduku la barua pale kona. Maabara watatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Nilitazama kushoto na kulia kabla ya kukitumbukiza, kama mwizi wa kuku. Mama, wewe hunitumia maembe kwa basi hadi Nairobi. Fikiria nilichoitumia mimi Serikali ya Mfalme.

Majibu yakaja: damu ipo, njoo tuchungulie utumbo mpana kwa mpira wenye kamera. Barua ilieleza vizuri kwamba wengi wanaoitwa hivyo hawakutwi na saratani. Mimi nililiona neno moja tu, la mwisho.

Usiku huo nilikaa kwenye simu mpaka saa nane nikisoma habari za matumbo ya watu nisiowajua. Kufika alfajiri nilikuwa nimeshazikwa, matanga yameisha na mbuzi wangu wa Mutomo wamegawanywa vibaya. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mimi nimezaa watatu. Huo mpira una unene gani?" Nikamwambia ni kama kidole. Akageukia ukutani akalala.

Kusema kweli, saratani haikuwa hofu ya kwanza. Nililoliogopa hasa ni kulala ubavu mbele ya wageni, suruali ikiwa imetundikwa mlangoni. Mnajua tulivyolelewa na nthoni, ile haya na heshima yetu ya Kikamba. Mwanamume anayepinda njia akimwona mama mkwe anakuja, leo aambiwe ageuke, avute magoti kifuani, na taa iwashwe?

Kabla ya hapo kulikuwa na masharti ya chakula. Siku chache kabla ya kipimo hutakiwi kula chochote chenye makapi, ili utumbo usafishike upesi. Nikasoma orodha ya vilivyokatazwa: mahindi, maharagwe, ndengu, mbaazi, mbegu, matunda yenye nyuzi. Nikamwita mke wangu aje aone. Ile haikuwa orodha ya hospitali, ilikuwa jikoni kwa mama. Muthokoi wa mahindi hapana, isyo ya mahindi na maharagwe hapana, mbaazi zetu, nzuu, hapana, na embe la Makueni hapana kabisa. Kilichoruhusiwa ni mkate mweupe, wali mweupe na kuku, yaani chakula cha mgeni.

Na hapo ndipo nilipoona vituko vya dunia. Palikuwa na daktari mpasuaji Mwairlandi, Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko miaka mingi. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyowajaa wazungu makwao ni nadra kwa wanakijiji wa Afrika. Akashuku chakula. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya kazi ambayo si kila mtu angeiomba: walipima kwa mizani choo cha wanakijiji wa Uganda na cha wanafunzi wa Uingereza. Mwanakijiji alishinda kwa mbali, na chakula chake kilipita tumboni upesi zaidi. Burkitt akazunguka dunia akihubiri makapi ya nafaka na kunde. Kwa maneno mengine, Susu, bibi yangu, alikuwa profesa na hakuna aliyemwambia. Mimi nikaiacha sufuria yake, nikala soseji Leeds miaka 20, na sasa nakatazwa muthokoi ili waone soseji zilifanya nini.

Ikaja dawa ya kuendesha: pakiti ya unga jioni, nyingine saa kumi na moja alfajiri, na maji juu yake mpaka useme basi. Nilikunywa, nikakaa. Kimya. Nikawacheka waliotengeneza dawa hiyo. Sasa, ninyi mnajua mto wetu unavyoshuka mwezi wa Novemba. Mchanga ni mkavu, watoto wanacheza, juu hakuna hata wingu. Halafu unasikia ngurumo kutoka mbali, na mtu mzima mmoja anapiga kelele, "Tokeni mtoni!" Nyumba yetu ina choo kimoja na watu watano. Sitasema zaidi.

Asubuhi saa nne nilikuwa hospitalini, nimevaa gauni lililo wazi nyuma, natetemeka. Nesi akaingia na mafaili, akasoma jina langu, akatabasamu. "Uvoo waku?" akanisalimu kwa Kikamba. Nikaruka. Binti wa Kibwezi, katikati ya Leeds! Furaha yangu ilidumu mpaka niliposoma jina kifuani pake. Lilikuwa jina la mama mkwe. Kwa nthoni siwezi kuliandika hapa, na siku ile sikuweza kulitamka. Nilimwita "Sista" tangu mwanzo hadi mwisho.

Daktari akawa wa mpira, Sista akawa wa kichwani. Akanipa gesi ya kuvuta mdomoni, kisha akaniambia kwa Kikamba, "Funga macho. Nipeleke nyumbani kutoka Kitui mjini. Tunapitia wapi?" Nikaanza kumwelekeza. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu na kona mbili kubwa. Kona ya kwanza, karibu na wengu, ilinibana tukiwa Mutomo. "Pumua," akasema, "barabara siku hizi ni lami." Tukapita Ikutha. Kona ya pili, chini ya ini, tukawa tunavuka Mto Athi kuingia Makueni. Daktari alipotangaza kwamba amefika mwisho, sisi tulikuwa Kibwezi tunanunua machungwa.

Kumbe kwenda si kazi. Wanatazama vizuri wakati wa kurudi. Karibu na Ikutha daktari akasimama. Kwenye skrini nikaona kitu kimejishika ukutani, chekundu, saizi ya punje ya ndengu. Akatoa kitanzi chembamba cha waya, akakaza, kikang'oka. Sikusikia chochote. Nilisafiri wiki tatu na mauti kwa ajili ya ndengu moja.

Baadaye nililazwa kwenye chumba chenye mapazia pamoja na wanaume wengine watano. Ule upepo waliotupulizia ndani lazima utoke, na manesi wanakusihi uutoe. Kwa nusu saa tulijibizana kama vyura wa bwawani baada ya mvua, na hakuna aliyeomba radhi.

Maabara imesema ndengu yangu haikuwa saratani. Ingeachwa, baada ya miaka kama kumi ingeweza kuwa.

Sasa mama mkwe arudi ndani, kwa sababu hili nataka alisikie yeye na kila mtu. Mjomba, Desemba uliniambia nyuma ya ghala kwamba unaona damu ukienda haja, kwamba ni bawasiri tu, na kwamba nisimwambie mtu. Nilinyamaza kwa nthoni, na nimekosa. Huenda ni bawasiri kweli, aseme daktari. Jumatatu uende hospitali ya rufaa Kitui. Nauli nimeituma kwa simu ya Mama, kwa sababu yako huishia kilabuni, na kaka atakusindikiza mpaka mlangoni.