Utamu wa Puto Tupu

Wapo wanaolalamika kwamba televisheni za habari za Marekani zimegeuka ukumbi wa ngoma. Watu hao hawana shukrani.

Januari 2014, Andrea Mitchell wa MSNBC alikuwa akimhoji Jane Harman, aliyepata kuwa mbunge, kuhusu serikali kukusanya rekodi za simu za raia. Mada kavu kama muhogo wa jana! Bahati nzuri, mama huyo alikatizwa ili watazamaji wapelekwe haraka Miami, alikokuwa mwimbaji Justin Bieber mbele ya hakimu. Hivi mtu mwenye akili zake ahangaike na nani anayechungulia simu yake, ilhali kuna kijana wa miaka 19 anaomba dhamana?

Uzoefu ulikuwapo. Oktoba 2009 vituo viliacha yote vikaandama puto lililopaa Colorado, likisemekana limembeba mtoto wa miaka sita. Lilipotua, lilikuwa tupu. Mtoto kajificha zake darini, kwao. Lakini picha zilikuwa safi.

Machi 2016 ufundi ulikomaa. Bernie Sanders, aliyekuwa akiwania urais, alikuwa akihutubia Phoenix, akiwachosha watu kwa sera. CNN, Fox News na MSNBC, kwa huruma, ziliwaonyesha watazamaji jukwaa lisilo na mtu, akisubiriwa Donald Trump, naye mgombea.

Mwezi uliotangulia, Leslie Moonves, aliyekuwa bosi wa kampuni ya televisheni ya CBS, alikuwa ameshasema kwamba kampeni ile ya urais huenda isiifae Marekani, ila kwa CBS ni neema tupu.