Saa Sita, Saa Tisa

Wageni wa posa walipiga hodi saa sita mchana, na sisi tulikuwa tumejipanga kwa saa tisa. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nyama ya pilau ndiyo kwanza imebandikwa. Dada, mwenye posa yake, alikuwa kwa msusi, kichwa nusu kimesukwa nusu bado. Nilifungua mlango na ufagio mkononi, nikawakuta wazee wa watu na kanzu zao nyeupe pe, mshenga mbele.

Shangazi akaingia jikoni akihema. "Mashine za kusikia masikio yote mawili, na bado baba yenu hasikii! Fedha ile si bora tungenunua friji?"

Baba alimsikia, maana jikoni kulikuwa kimya wakati huo. Akainamisha uso. Mimi iliniuma sana, kwa sababu mzee yule hakuwa na kosa. Jioni mshenga alipoleta habari ya saa watakayokuja, alisimama barazani kwetu akitazama barabarani, na jirani yetu, fundi mageti, alikuwa anakata chuma kwa grenda. Sasa itamke sita, kisha tisa. Irabu ni zilezile. Kinachotenganisha saa hizo mbili ni s na t, sauti nyembamba ambazo sikio la uzeeni huzipoteza mwanzo. Nguvu kubwa ya s iko juu ya hezi 4000. Kelele ya grenda nayo imejaa hukohuko juu. Baba aliuliza, "Saa ngapi?" Mshenga akapaza sauti, uso bado barabarani. Kuuliza mara ya tatu Baba aliona haya, akaitikia.

Watu hudhani ukishavaa mashine umepona. Mashine inakuza sauti, na grenda nalo ni sauti. Zipo zenye maikrofoni mbili zinazopendelea sauti ya mbele, nazo husaidia kweli, ila msemaji awe mbele na awe karibu. Kazi ya kuchagua sauti moja katikati ya nyingi ni ya ubongo. Colin Cherry, mwanasayansi wa Uingereza, aliichunguza tangu 1953. Ubongo ukiletewa sauti zilizopungua, kazi hiyo inachosha mno. Ndiyo maana Baba akitoka harusini huvua mashine na kukaa peke yake chumbani, nasi tukamwita mkaidi.

Tuliokolewa na adhana ya Adhuhuri. Mjomba aliwachukua wanaume wote msikitini, Mama akatia mchele, mimi nikashika sebule. Sebule yetu ni vigae chini, kuta tupu na mabati juu. Neno likitoka linagonga huku na huku hadi linavurugika. Nikatandika mikeka, nikatundika mapazia mazito ya Idi, nikazima feni na televisheni, nikafunga dirisha la upande wa fundi. Joto tulivumilia. Kiti cha Baba nikakiegemeza ukutani ili kusiwe na maneno nyuma yake, kiti cha mshenga nikakiweka mbele yake, hatua moja tu, uso ukielekea mwanga. Ukisogea hadi nusu ya umbali, sauti inayokufikia moja kwa moja huongezeka kwa desibeli 6 hivi, bila mtu kupiga kelele.

Waliporudi niliwaambia wazi: "Wazee wangu, shikamooni. Tunaomba azungumze mmoja mmoja, amtazame Baba, na hesabu ziandikwe." Shangazi alinikazia macho. Baba akasema, "Mwanangu kasema kweli." Mahari ikajadiliwa, mkaja wa Mama ukajadiliwa, na kila kiasi kikaandikwa kwenye daftari. Baba aliwabana mpaka mshenga akaomba maji.

Wakati huo nilimwona ami wa kijana anayeposa. Alikuwa amekaa pembeni, anaitikia kwa kichwa kila neno, hata pale mshenga alipomuuliza swali lililotaka jibu. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na sijui ni wangapi wanaopita sebule za watu wakiitikia hivyo. Pilau lilipoandaliwa alisogea mpaka kwenye mkeka wa Baba.

"Ndugu yangu, hicho kitu kinafunguliwa vipi?"

Baba akavua mashine ya kulia, akamfungulia kimlango cha betri, akamwonyesha vitundu vidogo vya kuingizia hewa, akamsisitizia betri ile isiwafikie wajukuu, mtoto akiimeza ni hatari. Kisha akageuka wakawa uso kwa uso. "Kwanza nenda hospitali wakutazame, pengine ni nta tu. Wakikupima wakakwambia uvae, vaa. Na nyumbani uwaambie wazime redio."

"Wazime nini?"

"Redio," Baba akarudia taratibu, na mkono wake ukazungusha kitufe hewani.