Nguchiro Watano wa Serengeti: Nani Kapanga Nyumba Nzuri?

Mtaje simba, watu wote wanageuka. Mtaje nguchiro, wanakimbilia kuhesabu kuku. Leo tumpe haki yake. Hawa watano ni ukoo mmoja, wanaishi Serengeti hiyohiyo, wengi wao wanategemea sana wadudu, na bado wanapishana, kwa kuwa kila mmoja ana saa yake, kona yake na watu wake. Nimewapanga kwa kigezo kimoja tu: makazi. Mbishi aje na hoja.

5. Nguchiro wa majini
Mtafute kwenye matete kando ya mto. Ndugu zake wanakwepa kulowa. Yeye anaingia, anapapasa chini ya mawe kwa vidole visivyo na utando, mara kaibuka na kaa. Mandhari safi kabisa. Ila kijito kikikauka, mwenye nyumba kavunja mkataba.

4. Nguchiro mwembamba
Vichakani na juu ya miti, mchana, peke yake. Akikurupuka anainua mkia, ncha nyeusi hiyo, kapotea. Anaishi ghorofani na hakaribishi mtu.

3. Nguchiro mkia mweupe
Mkubwa wa hawa watano, hufika kilo 4 na zaidi. Anatoka usiku kwenye nyasi za wazi kuwinda mchwa na mbawakawa wa samadi. Mwilini ni wa kijivu kama giza lenyewe; ukimulika tochi, unachoona ni mkia mweupe unatembea. Majike wa ukoo mmoja wanaweza kuchangia eneo, lakini kila mmoja anajitafutia chakula chake. Wanakaa pamoja na kila mtu na sufuria yake: hiyo ni busara ya nyumba za kupanga!

2. Nguchiro miraba
Kundi la ishirini hivi, kelele muda wote. Jongoo gumu au yai wanalishika, wanageuka, wanalirusha nyuma katikati ya miguu hadi lipasukie kwenye jiwe. Kule Mweya, Uganda, wanapanda hadi juu ya ngiri kumtoa kupe. Majike wengi huzaa usiku mmoja, kwa hiyo ukiuliza huyu mtoto wa nani, utajibiwa: wetu. Wangekuwa wa kwanza, ila wanahama shimo kila baada ya siku chache. Dalali gani atawavumilia?

1. Kitafe
Hafiki nusu kilo, lakini kajua kupanga! Anakaa kwenye kichuguu: kuta ngumu, matundu ya hewa yamejengwa na mchwa, milango kila upande. Asubuhi kinatokeza kichwa kimoja, pua inacheza, kisha cha pili, kisha familia nzima inaota jua. Mmoja anabaki juu kulinda wengine wakichakura.

Na majirani je? Kwenye nyika ya Taru, Kenya, mtafiti Anne Rasa aliwaona hondohondo wakiwangoja vitafe nje ya kichuguu ili watoke wote kutafuta panzi. Hondohondo hupiga kelele mwewe akitokea, hata yule asiyewala hondohondo wenyewe. Vitafe nao, wasipowaona hondohondo, huchelewa kuondoka. Wakizidi kulala, ndege anainama, anaita kwenye tundu la hewa.

Haya, wewe unayemtetea miraba: nani anakuja kukuamsha wewe?